Fedha Huishia Mlangoni

Tanga nyumba hujengwa kutoka ndani kwenda nje, na fedha huishia mlangoni. Mimi ni mkadiriaji majenzi, binti wa fundi mwashi, na sehemu kubwa ya maisha yangu imepita nikisoma karatasi za watu wanaotaka kujenga. Mfuatano wao ni uleule: msingi, kuta, lenta, kenchi, bati, milango, madirisha, dari, rangi. Chini kabisa, pengine kwa kalamu nyingine, pameandikwa "nje", na mbele ya neno hilo hakuna tarakimu. Mwenye nyumba anatumaini kwamba kitakachobaki kitatosha uani, kibaraza na njia ya kuingizia gari. Hakibaki kitu. Pita Ngamiani, barabara ya kwanza mpaka ya mwisho, utaona sebule zenye vigae vinavyong'aa, na hatua mbili nje ya mlango zege jembamba lililopasuka, maji ya mvua yametuama yakielekea ukutani badala ya mtaroni.

Watu husema ni ufundi mbaya, na mara nyingine ni kweli. Lakini nimekaa na hesabu hizi vya kutosha kuamini kwamba ufa huanza kwenye karatasi, muda mrefu kabla ya chepe la kwanza. Na mazoea haya ya kuiweka sakafu ya nje mwisho si ya asili kwetu. Yana umri, na umri wake haufiki miaka 100.

Wajenzi wa zamani wa pwani waliuhesabu ua kabla ya chumba. Ushahidi uko Kilwa Kisiwani. Husuni Kubwa, jumba lililojengwa mapema katika karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina nyua zilizoshushwa chini ya usawa wa vyumba, zenye ngazi za mawe pembeni, na birika la kuogea lenye pembe nane. Gede nako, karibu na Malindi, jumba la mfalme lina nyua zilizoshushwa namna hiyohiyo. Mtu wa kazi yangu akisimama pale anaona jambo moja mara moja: ua wa aina hiyo hauwezi kuongezwa baadaye. Huwezi kuchimba chini ya usawa wa vyumba ukiwa umeshahamia, na huwezi kuamua maji ya mvua yatatokea wapi kuta zikiwa zimeshasimama. Aliyejenga vile alijua kina cha ua, mteremko wake na njia ya maji kabla hajapanga jiwe la kwanza la ukuta. Lamu ni vilevile kwa kipimo kidogo. Daka la nyumba ya mawe, pale mgeni anapopokelewa kabla ya kuvuka mlango mkubwa, lina baraza zake mbili, kulia na kushoto, zilizojengwa pamoja na ukuta kwa mawe yaleyale na chokaa ileile.

Chokaa hiyo nimeijua kwa masimulizi ya babu mzaa mama, aliyekuwa mchoma chokaa upande wa Tongoni, kusini ya mji, si mbali na magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Nilipokuwa mdogo kazi hiyo alikuwa ameshaiacha, lakini alipenda kuieleza, na alinieleza kwa utaratibu kama mtu anayeogopa isipotee naye.

Tanuri halikuwa jengo. Lilikuwa rundo. Magogo yalipangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, minazi iliyozeeka na miti mingine iliyopatikana, katikati pakaachwa tundu la kupitishia moto. Juu yake yakamwagwa matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Moto ulitiwa ndani ya lile tundu wakati upepo umetulia, ukawaka usiku kucha na kuendelea. Jiwe la matumbawe linahitaji joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi ili liachie hewa yake ya kaboni na kugeuka chokaa mbichi. Babu hakuwa na kipimo cha joto. Alitazama rangi, akasikiliza mlio, na alipogonga kipande kilichopoa alijua kwa uzito wa mkononi kama kimeiva. Kisha chokaa ilizimwa kwa maji, au iliachwa mvua iizime yenyewe, ikafunikwa na kuachwa miezi. Chokaa iliyoharakishwa hubaki na punje zisizozimika, na punje hizo huja kufura ndani ya plasta na kuirusha vipande.

"Kwa hiyo mtu akitaka nyumba, babu, alikuja kwako lini?" niliwahi kumuuliza.

"Mwaka mmoja kabla, mjukuu wangu. Tunachoma kaskazi, masika inaizima, kipupwe fundi anaanza kazi. Asiyekuja kaskazi angoje kaskazi nyingine."

Bajeti ya nyumba ya chokaa ilihesabiwa kwa misimu. Jiwe lilitoka ufukweni, boriti zilitoka mikokoni, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, karibu mita tatu tu. Fedha ilihitajika, kwa mafundi na kwa wachukuzi, lakini gharama kubwa ilikuwa muda na mikono. Sakafu yenyewe, mchanganyiko wa chokaa, mchanga na vipande vya mawe, ilishindiliwa kwa vipande vya mti siku baada ya siku mpaka maji yapande juu na uso ufunge. Kazi kama hiyo haifanywi na fundi mmoja na saidia fundi wake. Inataka ukoo na majirani, na watu wakishakusanyika kushindilia vyumba hawaondoki kabla ya baraza. Chokaa ilikwishazimwa yote kwa pamoja, kuni zimeshateketea, wapigaji wako palepale. Kuiacha nje kusingeokoa chochote. Hapo ndipo naona siri ya zile baraza za zamani zilizo imara kuliko zetu: zililipiwa siku moja na nyumba.

Siandiki haya nikitamani turudi huko. Uchomaji wa chokaa ulikula mikoko na minazi kwa wingi wa kutisha, na matumbawe hayakuokotwa ufukweni tu. Mafia na Mtwara watu waliyang'oa baharini yakiwa hai, na mwamba uliovunjwa hauna mazalia ya samaki. Sheria ya Hifadhi za Bahari ya mwaka 1994, na Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyofuata mwaka 1995, zilikuja baada ya uharibifu mkubwa. Babu mwenyewe alikuwa mvuvi siku asizochoma, na aliliona hilo kabla ya wataalamu.

Saruji ilikuja kwa meli. Joseph Aspdin wa Leeds alipata hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824, na Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, ilikuwa imeshakuwa bidhaa ya kawaida Ulaya. Huku ilibaki kitu cha serikali, reli na bandari. Mtu wa Ngamiani hakuiota kwa ajili ya uani wake. Kilichobadilisha hali hiyo ni kupungua kwa umbali. Mwaka 1933 Nairobi walianza kusaga saruji kwa malighafi iliyochomwa ng'ambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Tororo, Uganda, ikapata kiwanda. Mwaka 1954 Bamburi, jirani na Mombasa, ikaanza kuzalisha kutokana na matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, jamaa ya mawe yale ambayo babu aliyachoma juu ya magogo. Wazo Hill, Dar es Salaam, ilifuata mwaka 1966, na Tanga yenyewe, pale Pongwe, mwaka 1980.

Baba alikuwa wa kizazi kilichovuka. Alijifunza uashi kwa chokaa, kisha miaka ya 1950, bei ya mkonge ilipopanda wakati wa vita vya Korea na mashamba yakawa na fedha, akapata kazi za kujenga nyumba za mameneja. Huko alikutana na veranda ya saruji iliyotiwa unga wa rangi nyekundu na kupigwa niru mpaka ukaweza kuona kivuli cha kiti. Ile sakafu nyekundu ilimteka. Alirudi mjini na ujuzi huo, na wateja wa Ngamiani wakaanza kuitaka kwenye vibaraza vyao. Lakini meneja alilipa mara moja kwa hundi ya kampuni. Mkata mkonge alilipwa kipande chake, yaani kadi yake ya kazi, kilipotimia siku 30 za kazi, na kipande kimoja hakikumaliza kibaraza.

Kanuni ya baba ya kukadiria ilikuwa debe, lile la mafuta ya taa, lita 18. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35, sawa na madebe mawili kasoro kidogo. Kwa zege la moja kwa mbili kwa nne alihesabu mfuko mmoja, madebe manne ya mchanga, madebe manane ya kokoto, na maji debe moja na nusu, yapungue ikiwa mchanga umelowa. Zege la kukanyagwa na watu, sentimita 10. La kukanyagwa na gari, 12 hadi 15, juu ya kifusi kilichoshindiliwa kweli. Mteremko, sentimita mbili kwa kila mita, ukiikimbia nyumba. Nimesoma chuoni na nina vitabu vyenye majedwali mazuri, na majedwali hayo yanakubaliana na debe la baba.

Chukua uani wa kawaida, mita tano kwa sita. Ni mita 30 za mraba, na kwa unene wa sentimita 10 ni mita tatu za ujazo. Kwa kipimo hicho unahitaji mifuko 20 hivi. Mwenye mifuko kumi atafanya nini? Atamwambia fundi "itandaze tu ienee", na zege litakuwa sentimita tano. Au atamwambia aongeze mchanga. Fundi atakubali kwa sababu naye ana watoto. Nyufa zote nilizowahi kuitwa kuzitazama zina moja ya sentensi hizo mbili nyuma yake.

Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwalaumu watu wanaokataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae wakingoja bati na saruji, ambayo mitaani iliitwa udongo ulaya. Aliona ni kudumaa kwa fikra. Namheshimu Mwalimu, na kuhusu kuta naona alikuwa na hoja nzito. Kuhusu sakafu ya nje naona hakuitazama kwa macho ya mwanamke wa pwani. Uani wa udongo hufagiliwa kila alfajiri, hulowa kila masika, huingia ndani na miguu ya watoto, na mwenye kazi hiyo ni mmoja. Mama yangu hakuitaka saruji kwa fahari. Aliitaka apumzike.

Alingoja miaka. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 nchi ilikuwa haina fedha za kigeni, vipuri na mafuta vikawa adimu, na saruji ikawa bidhaa ya kibali. Uliandika barua, ukaeleza unajenga nini, ukataja mifuko unayohitaji, ukangoja. Baba aliwaandikia wateja wake barua hizo kwa mwandiko wake mzuri, na hapo ndipo nilipoanza kazi yangu bila kujua, kwa sababu mimi ndiye niliyepiga hesabu za madebe pembeni. Tulijifunza haraka namna ombi linavyopokelewa. Ukiandika msingi, unasikilizwa. Ukiandika lenta, unasikilizwa. Ukiandika kibaraza au uani, jibu ni kwamba hiyo si dharura. Kwa hiyo tukaacha kuandika. Na mifuko ilipotoka, ilitoka pungufu, nayo ikaingia ukutani. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, hata mtu mwenye mifuko kumi ya halali aliona woga kuilundika ndani, maana nani angemwamini kwamba anakusanya kwa ajili ya uani?

Naamini miaka ile ndiyo iliyotufundisha kuifuta sakafu ya nje kwenye karatasi. Biashara ilifunguliwa taratibu kuanzia 1984, awamu ya Mzee Mwinyi ikaja, maduka yakajaa saruji, lakini mkono wa mwandishi ulikuwa umeshazoea.

Kuna jambo jingine lililotufunga, nalo ni la saruji yenyewe. Haiwekeki. Mfuko unaokaa miezi mitatu katika hewa ya bahari yetu umeshapoteza nguvu, na ukiukuta na mabonge yasiyovunjika kwa vidole, umekufa. Watu wa pwani waliligundua hili wakapata jibu zuri sana: tofali. Ukipata fedha ya mfuko mmoja, unanunua leo na kufyatua leo. Tofali haliozi, na ukilimwagilia maji wiki ya kwanza linazidi kukaza. Yale matofali unayoyaona yamepangwa mbele ya viwanja kuanzia Tanga mpaka Mtwara, mengine yameota kuvu, ni akiba ya benki. Mtu aliyepata kidogokidogo ameigeuza fedha kuwa kitu ambacho ndugu hawezi kukikopa.

Ukuta basi unaweza kujengwa kwa akiba ya tofali. Sakafu ya kumwaga haiwezi. Zege la uani linataka mifuko 20 kwa asubuhi moja, lori la mchanga, lori la kokoto, mafundi, wachanganyaji na wabeba makarai, wote siku ileile. Linadai fedha kwa mkupuo kwa watu ambao fedha yao huja kwa matone. Hiki ndicho kilichobadilika tangu enzi ya babu. Zamani mkupuo ulikuwa wa watu, na watu tulikuwa nao. Sasa ni wa taslimu.

Walioziba pengo hilo ni wanawake. Nyumba nyingi za Kiswahili mjini hapa, zile za ukumbi katikati na vyumba pande mbili, uani wake umesakafiwa kwa fedha ya upatu. Uani ndiko wanakopika, wanakofua, wanakosuka, wanakokalisha wageni wa harusi na wafiwa, kwa hiyo waliona thamani yake kabla ya waume zao. Zamu ya mama ilipofika, saruji ilishuka mlangoni siku ileile kabla shida nyingine haijasikia habari. Majirani wakaitwa kama msaragambo, wanaume wakachanganya, wanawake wakabeba maji na kupika wali. Baba alitoa ufundi wake bure nyumbani kwake mwenyewe, na mama hakuacha kumkumbusha kwamba mfuko ulikuwa wake. Sakafu ile bado iko. Ilimwagwa kwa mapande, si kwa mkeka mmoja, na sababu ni kwamba fedha ya zamu ile haikutosha uani wote. Pande la pili lilingoja mzunguko mwingine.

Njia za magari ni sura fupi katika historia hii. Magari yaliyotumika yalipoanza kuja kwa wingi kutoka Japani, watu wakavunja kona za vibaraza wapate kuingiza, wakamwaga zege lenye unene wa kukanyagwa na mbuzi. Kisha zikaja pevingi. Wengi husema zimependwa kwa sababu ya urembo. Mimi nasema zimependwa kwa sababu zinanunulika kama tofali: mita chache mwezi huu, mita chache mwezi ujao, zinapangwa pembeni zikingoja. Ardhi ikititia unaziinua, unasawazisha mchanga, unazirudisha. Shida ni moja, nayo ni ileile ya zamani, mtu kuzipanga juu ya udongo ambao haujashindiliwa kwa kuwa kushindilia hakuonekani.

Hivi karibuni walinijia mume na mke vijana wenye kiwanja Mikanjuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Leteni karatasi."

Uani mita tano kwa sita, chini kabisa, bila tarakimu. Niliwaeleza jambo ambalo kila kitabu cha zege kinalisema na sakafu ya mama inalionyesha: zege la sentimita 10 halitaki kuzidi mita tatu bila kiungo. Lenyewe husinyaa likikauka, na usipolipa kiungo litajichorea chake. Uani wao basi ni mapande manne ya mita mbili na nusu kwa tatu, watake wasitake. Kila pande ni mifuko mitano, madebe 20 ya mchanga na madebe 40 ya kokoto. Watu wanne wanalimaliza kabla ya adhuhuri. Hakuna sheria ya uhandisi inayosema mapande hayo yamwagwe mwezi mmoja. Yanaweza kumwagwa kwa mshazari, mawili kwanza na mawili baadaye, hata kama baadaye ni mwaka ujao, mradi usawa wa yote manne upimwe siku ya kwanza, kwa maana mteremko haugawanyiki.

Mke akauliza kama mifuko mitano inalingana na zamu moja ya upatu wake. Tukapiga hesabu. Inalingana, na kinabaki cha kuwalipa mafundi. Tukaandika karatasi upya, uani ukapanda juu, ukakaa baada ya msingi, na mbele yake tarakimu nne, moja kwa kila pande. Vigingi vimekwishapigwa kwenye pembe zote na uzi umefungwa. Pande la karo, ambako maji yatatokea, ndilo litakaloanza, kabla ya masika.